Ubora wa Mahindi Hauanzii Kwenye Mzani: Faida na Changamoto za Kusimamia Ubora kwa Kijana Mkulima wa Ufipa



Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, maana kuna watu watano ambao nikijifanya sijui watanicheka.

Msimu wa juzi kikundi kimoja cha vijana ninaowahudumia huku juu uwandani walikusanya magunia 100 ya mahindi. Wanne wanaume, mmoja dada, na huyo dada ndiye alikuwa mtunza hazina. Wakaniita: "Bwana shamba, njoo utuangalizie kabla hatujapakia." Nikaenda. Kipima unyevu kilikuwa halmashauri, mbali. Nikafungua gunia la juu, nikachukua punje, nikaing'ata. Ikalia "ka!" Nikatema, nikasema, "Poa, haya yamekauka. Pelekeni."

Wakakodi Fuso, wakapakia, wakafika kituo kimoja cha ununuzi, wakapanga foleni siku 2. Zamu yao ilipofika, mpimaji akachoma bambo kwenye magunia mbalimbali. Moja likasoma asilimia 13, jingine 13.2, la tatu likasoma 16.8, la nne 17. Mzigo wote ukarudishwa. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, wapakiaji na wapakuaji, na chakula cha foleni, shilingi 740,000 zilikuwa zimeshakwenda. Wakayaanika upya siku 9, lakini walipotaka kurudi mgao wa kituo kile ulikuwa umejaa. Wakamwuzia dalali kijijini kwa bei aliyoitaka yeye.

Mmoja wao akanitania kwa uchungu, "Bwana shamba, hapa kuna mkono wa mtu." Wazee wanasema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi tuutupe kweli. Hapakuwa na mkono wa mtu pale. Magunia yaliyosoma 17 yalipukuchuliwa siku ya mwisho, kutoka chini ya lundo lililokuwa limelala kwenye ardhi yenye umande. Yakachanganywa na mengine bila alama. Nami nikapima gunia moja, kwa jino.

Ndiyo maana leo naongelea usimamizi wa ubora. Jina linasikika kama la viwandani, lakini linatuhusu sisi wa jembe na trekta kuliko tunavyofikiri.

Usimamizi wa ubora ni nini hasa?

Wengi tunachanganya mambo mawili: kukagua ubora na kusimamia ubora.

Kukagua ni pale mpimaji anapochoma bambo. Hapo mahindi yameshakuwa kama yalivyo. Mzani na kipima unyevu havikaushi mahindi, vinakwambia tu ulichokifanya mwezi uliopita.

Kusimamia ni mpango wa kuhakikisha kila hatua, tangu kuvuna hadi kushona gunia, inafanyika kwa namna ileile, na mtu fulani anajua ni kazi yake, na kuna mahali imeandikwa. Kwa lugha ya nyumbani: mama akipika ugali mzuri siku moja, hiyo ni bahati. Akipika ugali mzuri kila siku, hata wageni wakiwa 20, huo ni usimamizi wa ubora. Mnunuzi mkubwa hanunui bahati. Anataka gunia la kwanza na la mia yafanane.

Vijana wetu hawakuwa na mahindi mabaya. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa safi kabisa. Walichokosa ni kufanana.

Mnunuzi anaangalia nini?

Mahindi ya biashara katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yana kiwango kimoja cha pamoja, kinaitwa EAS 2. Hapa kwetu msimamizi wa viwango ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mambo makubwa ya kukumbuka ni haya:

1. Unyevu usizidi asilimia 13.5, kwa madaraja yote. Hakuna daraja la mahindi mabichi.

2. Punje zilizovunjika: daraja la 1 zisizidi asilimia 2, daraja la 2 asilimia 4, daraja la 3 asilimia 6.

3. Uchafu kama makapi, vumbi na vipande vya magunzi: daraja la 1 usizidi asilimia 0.5, la 2 asilimia 1, la 3 asilimia 1.5.

4. Sumukuvu ya aflatoksini: jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Ili upate picha, mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 1 ya sumu katika tani 100, yaani Fuso kama 10. Ni kidogo kiasi kwamba huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja. Na kuipika hakuiondoi.

Usidhani hii ya nne ni hadithi za wataalamu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 hapa kwetu sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi tunayouza yanaliwa na watoto wa wenzetu, na yale tunayobakiza yanaliwa na watoto wetu.

Faida za kusimamia ubora

Faida ya kwanza ni kupata mlango. Huku Rukwa mnunuzi wa uhakika tunayemfahamu wote ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye kanda hapa Sumbawanga. Wapo pia wasagishaji wakubwa na wanaopeleka nje ya nchi. Wote hawa wanapima. Usipofikia kiwango, bei yao nzuri unaisikia redioni tu.

Faida ya pili ni kutofungiwa soko ghafla. Kumbukeni Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikitaja sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache wakafungua, lakini kwa masharti: waagizaji wajisajili, na mzigo uje na cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya kiwango kile cha 10. Mkulima wa Laela au Namanyere anaweza kusema Namanga ni mbali, hayanihusu. Yanakuhusu, ndugu yangu. Mpaka mmoja ukifungwa, mahindi yaliyokuwa yaende huko yanageuka kutafuta soko la ndani, na bei inashuka mpaka mlangoni kwako. Siku kama hiyo mwenye mahindi yaliyopimwa ana pa kwenda.

Faida ya tatu ni kupunguza hasara ghalani. Mahindi mabichi yakikaa kwenye gunia yanapata joto, ukungu unaamka, wadudu wanafurahi. Mahindi makavu, safi, yasiyovunjika yanakaa miezi mingi, na anayeweza kusubiri Desemba na Januari hauzi kwa kulia mwezi Julai.

Faida ya nne ni jina. Mnunuzi aliyepakia kwako mara mbili bila kukuta mchanga chini ya gunia, mara ya tatu anapiga simu mwenyewe.

Changamoto: hapa tusidanganyane

Maafisa ugani tuna tabia ya kuhubiri faida tu. Mimi nataka ukokotoe kabla hujaniamini.

*Changamoto ya kwanza: ukikausha, uzito unapungua.* Chukua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18. Ukizishusha mpaka 13.5, zinabaki kilo 948 hivi. Kilo 52 zimepaa na jua. Sasa tuchukulie dalali ananunua mabichi kwa shilingi 450. Ukimwuzia leo unapata 450,000. Ili kilo 948 zikupe pesa ileile, lazima uuze kwa shilingi 475 hivi. Hapo bado hujalipa chochote. Ukiongeza gharama za turubai, vibarua, kuchekecha na nauli, tuseme 60,000 kwa tani, unahitaji shilingi 538 kwa kilo ndipo urudishe tu.

Maana yake nini? Kama mnunuzi wa mahindi makavu anatoa 600, kilo 948 zinakupa 568,800. Toa gharama 60,000, unabaki na 508,800, faida ya 58,800 kwa kila tani juu ya yule aliyeuza mabichi. Kwa tani 10 ni 588,000. Lakini kama bei pekee unayoweza kuipata kwa makavu ni 480, umekausha kwa hasara. Kwa hiyo ubora bila mnunuzi wa ubora ni sadaka. Ulizia soko kwanza, andika bei, piga hesabu, ndipo uamue.

*Changamoto ya pili: kijijini bei ni moja.* Dalali anayepita na pikipiki analipa sawa kwa aliyechekecha na kwa aliyefagia chini akajaza. Tena wengine bado wanadai lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Kijana mmoja mwenye magunia 12 hana nguvu ya kukataa. Kikundi chenye magunia 200 yanayofanana kinayo.

*Changamoto ya tatu: vifaa.* Kipima unyevu ni ghali kwa mtu mmoja. Kupima sumukuvu ndiyo kabisa, inahitaji maabara au vifaa maalumu. Kwa kikundi, kipima unyevu kimoja ni mchango mdogo kwa kila mwanachama. Msisubiri cha halmashauri kama walivyosubiri wenzenu.

*Changamoto ya nne: hali ya hewa yetu.* Huku juu tuko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi inasaidia kupunguza kasi ya wadudu, lakini asubuhi za Juni na Julai umande ni mwingi na jua linachelewa kuchukua nguvu. Mahindi yaliyoachwa wazi usiku yanarudisha unyevu uliouhangaikia mchana kutwa. Kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, joto linakausha haraka, lakini wadudu na ukungu nao wanapenda joto. Ndiyo maana mzigo wa bondeni na wa uwandani usichanganywe kabla ya kupimwa.

*Changamoto ya tano, ndiyo ngumu kuliko zote: watu.* Kwenye kikundi atakuwepo mmoja atakayeleta magunia 3 mabichi katikati ya 20 makavu, kwa sababu ana mgonjwa nyumbani na anahitaji pesa. Ni rafiki yako. Labda ni shemeji yako. Nani atamwambia, "Haya hayaingii"? Vikundi vingi havifi kwa kukosa kipima unyevu. Vinakufa hapo, kwa kuoneana aibu.

Utaratibu wa hatua 7 mnaoweza kuuanza msimu huu

1. Chagueni mtu wa ubora. Asiwe mwenyekiti wala mtunza hazina, ili akikataa gunia isionekane ni siasa au pesa. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba neno lake kuhusu unyevu na usafi ndilo la mwisho. Na sheria ianze na viongozi: gunia la kwanza kupimwa liwe la mwenyekiti.

2. Vuneni kwa wakati, tengeni shambani. Vibunzi vyenye ukungu, vilivyooza ncha au vilivyotobolewa na wadudu viwekwe pembeni kabla ya kupukuchua. Ukishapukuchua, huwezi tena kuzitenga punje hizo kwa urahisi. Vilivyooza msivifanye pombe wala chakula cha kuku, sumukuvu inawadhuru na wao. Na mahindi yasiguse ardhi tupu. Turubai ni bei ndogo kuliko Fuso la kurudi.

3. Anikeni kwa saa. Tandazeni umande ukishakauka, kama saa 3 au saa 4 asubuhi. Unene usizidi vidole vitatu. Geuzeni kila baada ya saa moja. Jioni kabla ya baridi kushuka, kusanyeni na kufunika. Mbuzi na kuku wasipite juu.

4. Pukuchueni yakiwa yamekauka. Mashine ikipewa mahindi mabichi, au ikizungushwa kasi kupita kiasi ili mwenye mashine awahi kwa mteja mwingine, inavunja punje. Hapo umeshuka daraja kwa haraka ya mtu mwingine. Simameni pale, angalieni punje 10 za kwanza zinatokaje.

5. Pimeni, tena pimeni mengi. Kama kipima unyevu hakipo, tumieni chumvi kwa kuanzia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika 2 hadi 3, acha itulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipogandia, uko chini ya 15. Lakini kumbukeni, kiwango ni 13.5. Chumvi inakwambia "bado", haiwezi kukwambia "tayari". Kabla ya kukodi gari lazima kipimo chenyewe.

Na msipime gunia moja kama nilivyofanya mimi. Mzigo wa magunia hadi 10, chomeni bambo yote. Kuanzia 11 hadi 100, chomeni 10 bila kuchagua, ya juu, ya kati na ya chini. Zaidi ya 100, tafuteni kipeo cha pili: magunia 400, chomeni 20. Gunia moja likizidi, msitafute wastani. Litoeni, kisha mpime na majirani zake.

6. Wekeni alama na daftari. Kila gunia liwe na namba ya mwenye mahindi na namba ya siku lilipopukuchuliwa. Kwenye daftari andikeni tarehe, unyevu, aliyepima, na lilipowekwa. Mistari minne tu. Siku tatizo likitokea, hamtakataliwa magunia 100, mtatoa magunia 6 mnayoyajua. Na anayetaka siku moja kusaga unga wake wenye nembo ya TBS, au kukamua alizeti na kuuza mafuta dukani, daftari hili ndilo litakuwa mwanzo wake. Mkaguzi wa kiwanda naye anauliza hilohilo: mzigo huu ulitoka wapi, nani aliupima, lini?

7. Hifadhini juu ya chaga. Magunia yasikae sakafuni wala kuegemea ukuta, acheni nafasi ya mtu kupita. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana dhidi ya dumuzi na fukusi, lakini iingizwe mahindi makavu tu. Ukifungia mahindi mabichi humo umeufungia ukungu. Mkitumia dawa ya ghalani, someni lebo, nunueni kwa muuzaji anayetambulika, na mfuate siku za kusubiri.

Wale vijana watano wako wapi sasa?

Hawakuvunja kikundi, ingawa walikaribia. Msimu uliofuata walichanga wakanunua kipima unyevu chao. Yule dada aliachia uhazina, wakampa kazi ya ubora. Siku ya kupakia alikataa magunia 8. Matatu yalikuwa ya mwenyekiti. Mwenyekiti alinuna, hakusema kitu, akayatandaza upya juani. Mimi nilikuwepo. Akanigeukia akaniambia, "Na wewe bwana shamba, leo usitumie meno." Tukacheka wote, hata mwenyekiti.

Fuso lilipofika kituoni likapimwa na kushushwa siku hiyohiyo. Hawajawa matajiri. Walipata bei ya mahindi makavu, wakalipa madeni ya mbolea kwa wakati, na kila mmoja akabakiza magunia machache ya kusubiri bei ya masika. Lakini kitu walichopata ambacho mimi nakithamini zaidi ni kwamba sasa wana uwezo wa kuambiana ukweli kabla mzani haujawaambia.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni ndogo. Kabla hujavuna, fanya mambo mawili. Moja, mpigie simu mnunuzi mmoja anayepima, muulize kiwango chake na bei yake. Mbili, kaeni kikao mchague mtu wa ubora, wakati bado hakuna gunia la mtu la kugombania.

Mkikwama, mtafuteni afisa ugani wa kata yenu. Na akija bila kipima unyevu, mwambieni arudi kukichukua.

Mavuno mema, tukutane makala ijayo.